Vijiti vya Mkaza Mwana

Watu walimwita Bi Hebu kwa sababu hakuna jambo alilolikubali kabla ya kusema, "Hebu nione." Muuza dawa za mifugo akimpa chupa, aliigeuza juu chini na kuisoma tarehe mara mbili. Fundi akimaliza kuezeka, alipanda ngazi mwenyewe. Hata siku mwanawe alipomleta mchumba, alimkaribisha vizuri, akampa chai, kisha akamtuma maji ili aone anavyoshika ndoo.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa mjane mbichi, dalali mmoja alimuuzia ng'ombe mwenye mimba, na mimba yenyewe ikaja kuwa tumbo la minyoo. Tangu hapo akaapa kutoamini kitu asichokishika kwa mkono wake. Kwa mkono huohuo alijenga zizi la sakafu ya saruji, akafuga ng'ombe wa maziwa mpaka zizi likajaa, akasomesha mtoto.

Mtoto akawa dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani anaonekana kama mgeni. Mkewe, aliyekuwa akiuza katika duka la zana za kilimo, ndiye aliyebaki na mama mkwe. Walielewana, ila kwa adabu nyingi mno, kama watu wawili waliobeba meza ya kioo.

Siku moja mkwe alirudi kutoka dukani na vijiti vya chuma vyenye vichwa vya plastiki. Nyuma ya zizi palikuwa na shimo la saileji: mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na mabua yake, yakashindiliwa kwa trekta mpaka hewa ikatoka, kisha yakafunikwa nailoni nzito na kukandamizwa kwa matairi chakavu. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha ng'ombe kwa kiangazi chote. Mkwe akavidunga vijiti vyake huku na huku, akaziba kila tundu kwa utepe.

"Vya nini hivyo?" Bi Hebu akauliza.

"Vinapima joto na unyevu, Mama, vinanitumia kwenye simu. Hewa ikiingia saileji inapata moto, inaota ukungu. Na nikijua ina maji kiasi gani, najua kila ng'ombe apewe kilo ngapi."

"Na vinasikia?"

"Vinasikia nini?"

"Nauliza tu, mwanangu."

Tangu siku hiyo Bi Hebu akipita karibu na shimo hakutamka neno. Dada yake akipiga simu, alitoka mpaka langoni ndipo apokee.

Kilichomkaa kooni hasa ni mizani ya malisho. Mkwe aliangalia simu kila asubuhi, akamwambia mkamuaji wao apime kilo ngapi. Siku za mvua kipimo kikapanda. Jua lilipokolea, kikashuka.

"Ng'ombe wangu wamefungishwa saumu?" Bi Hebu aliuliza.

"Hapana, Mama. Saileji ya sehemu tuliyofikia ni kavu. Ikiwa kavu, kilo moja ina chakula zaidi na maji kidogo. Ikilowa, tunaongeza."

Maneno yalikuwa matamu, na Bi Hebu aliogopa maneno matamu. Akasubiri maziwa yapungue apate pa kuanzia. Hayakupungua, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Kama wanakula kidogo na wanatoa yaleyale, basi kuna kitu anafichwa. Na hicho kinachobaki kinakwenda wapi? Si huyu mkwe anajuana na kila mwenye pikapu anayepita dukani?

Ikawa mkwe akienda kazini, na mkamuaji akipeleka maziwa kwenye kituo kwa baiskeli, Bi Hebu anakwenda shimoni. Anasukuma tairi, anabandua utepe, anaingiza mkono chini ya nailoni mpaka kwapani, anachota konzi na kuikamua. Maji yakipenya kati ya vidole ni mbichi, yasipotoka ni kavu. Mara zote mkono wake ulikubaliana na vijiti. Labda vimebahatisha, akasema. Kesho yake akajaribu pembe nyingine.

Haukupita muda mrefu simu ya mkwe ikalia wakiwa mezani. "Mama, upande wa ukutani umepata joto."

Walipofunua, mvuke uliwapiga usoni. Ukungu mweupe ulikuwa umetambaa kama sufi, na harufu ilikuwa ya sukari iliyoungua. Walitupa mikokoteni kwa mikokoteni.

"Kuna mtu anafungua," mkwe akasema taratibu.

Mkamuaji aliitwa Kimya, na jina lilimfaa. Bi Hebu hakusita. "Yeye ana mbuzi. Na mbuzi wake wamenenepa ghafla."

Wakamwita. "Unachukua malisho yangu?" Bi Hebu akamuuliza.

Kimya akajibu: "Mama, unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuuliza."

"Basi sijachukua."

"Na mbuzi wako wanakula nini?"

Kimya alisuuza kopo la kukamulia, akalifudikiza kwenye kichanja, akatundika koti la kazi msumarini, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Wanawake wakawa wanakamua wenyewe, migongo ikiwauma. Bi Hebu akajiambia mwizi amekwenda. Lakini kwa kuwa sasa kulikuwa na utulivu, aliona huu ndio wakati mzuri wa kuhakikisha vijiti havidanganyi. Akarudia mchezo wake.

Simu ikalia tena.

Siku ile wakakaa kula chakula cha mchana. Nyumbani walikuwa wawili tu. Mkwe aliinua macho kutoka kwenye sahani, akakuta mama mkwe anamtazama, na wote wawili wakageukia chumvi. *Ni huyu,* Bi Hebu aliwaza. *Anauza, halafu simu yake inamsaidia kupiga kelele za mwizi.* Alichowaza mkwe hakikuwa mbali na hicho.

Kesho yake mkwe aliaga, akatembea mpaka njia panda, akarudi kwa kupitia nyuma ya zizi. Alimkuta Bi Hebu amelala kifudifudi juu ya nailoni, mkono mzima umezama.

"Mama!"

Bi Hebu hakutoa mkono. "Naangalia kama vijiti vyako vinasema kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipovidunga."

Mkwe akaketi juu ya tairi. "Ni wewe unayeingiza hewa, Mama. Kila ulipochungulia. Joto limeanzia palepale ulipofungua."

"Tundu la mkono tu?"

"Linatosha."

Bi Hebu aliuchomoa mkono polepole, akaunusa. Akakumbuka mvuke. Akakumbuka koti msumarini, na uso ukamshuka.

"Na wewe ulirudi kunivizia?" akauliza baadaye.

"Nilikuvizia. Nilidhani unauza."

"Hapo ulifanya vizuri," Bi Hebu akasema, na ilikuwa sifa ya kwanza aliyowahi kumpa.

Jioni akaenda kwa Kimya. Alimkuta akiwatupia mbuzi majani aliyofyeka mtaroni. Mke wake akaleta kiti na maji. Bi Hebu hakukaa.

"Aliyekuwa anafungua ni mimi. Nimekuja uniwie radhi."

"Nilijua, Mama. Mkono wa gauni lako ulikuwa unanuka saileji kila nikirudi."

"Ulijua! Mbona hukusema?"

"Ungeniamini?"

Bi Hebu akamwomba arudi kazini. Kimya alikataa kwa upole: kituo cha maziwa kilikuwa kimemwajiri kupokea na kupima. Alimsindikiza mpaka barabarani, lakini uamuzi haukubadilika.

Siku hizi Bi Hebu hupeleka maziwa kituoni mwenyewe. Mkwe amemwekea vipimo vya vijiti kwenye simu yake, naye huvitazama mara nyingi kuliko mwenye vijiti, nailoni haigusi. Wakati mwingine bado humuuliza mkwe alikopitia.

Kituoni, Kimya humwamkia kwa heshima, hutumbukiza kipimo cha kubaini maziwa yaliyotiwa maji ndani ya ndoo ya Bi Hebu, akakitazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama cha wengine. Foleni hunung'unika nyuma. Bi Hebu husimama pembeni, kifuniko mkononi, akingoja.