Nilivyomfokea Mama Mkwe kwa Sababu ya Watoto wa Mbwa

Kitoto cha kwanza kilipomaliza kunyonya, maziwa yakaanza kukitoka puani.

Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo.

Jamani, nilichanganyikiwa.

Mimi nafuga vile vijibwa vidogo vyenye manyoya marefu, nazalishia chumba cha nyuma. Mtaani wananiita Mtaalamu. Sijasomea popote, ila jina nililipenda na sikumsahihisha mtu.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi. Ndiye aliyekuwa anafua matambara ya boksi la watoto wa mbwa kila asubuhi. Basi nilipoona yale maziwa, akili ikaruka moja kwa moja kwake.

"Mama, haya matambara unafulia nini?"

"Sabuni tu, baba. Na dawa ya madoa kidogo."

"Unaniulia mbwa!"

Mke wangu akatoka jikoni, mikono ina povu, akanivuta shati. "Baba watoto, unaongea na mama!"

Sikusikia la mtu. Niliyasema na mengine ambayo leo naona haya kuyaandika.

Mama alianua nguo zake kwenye kamba, akafunga begi, akaenda kwa shemeji yangu.

Mchana nikawapeleka watoto kwa daktari wa mifugo. Akakifungua kimoja mdomo, akamulika tochi.

"Kaakaa halijafunga. Unaona hili tundu? Maziwa yanapita humo, mengine yanaingia mapafuni. Wote watatu wamezaliwa hivi."

"Kwa hiyo si sabuni?"

"Sabuni inatoboaje kaakaa? Dume ulilitoa wapi? Halina undugu na jike?"

"Hapana, daktari! Ni la msusi, mtaa wa pili. Damu tofauti kabisa."

"Una hakika?"

Nikampigia msusi palepale, nikaweka na spika, najiamini kweli.

"Dada, yule dume wako ulimpata wapi?"

Akacheka. "Mtaalamu kwa utani! Si uliniuzia mwenyewe mwaka juzi? Mtoto wa huyo huyo jike wako."

"Mimi nilijua unajua," akaongeza. "Nikasema huyu ni mtaalamu, ana mipango yake."

Yaani nilimpandisha mama kwa mwanawe.

Daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Natamani angenitukana. Miaka yote ile sikuwahi kuandika hata mstari mmoja, nani kazaliwa na nani, nani kaenda wapi. Wakishatoka mlangoni, nimewasahau.

Watoto walikufa mmoja mmoja, ndani ya siku tatu.

Siku ya nne nikampigia mama mkwe. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi tangu asubuhi. Kabla sijafungua mdomo, akaniwahi.

"Baba, vile vitoto vinaendeleaje? Nilikuwa nawaza, mngevinywesha kwa kijiko, kidogo kidogo."

Nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Kisha nikamwambia ukweli wote.

Alisema amenisamehe, na akija anatusalimia vizuri tu. Ila siku hizi, hata glasi ya maji kwangu anaomba ruhusa kwanza.

Ndugu yangu unayezalisha wanyama nyumbani, andika mama nani, baba nani. Na likiharibika jambo, anza kujiuliza mwenyewe ulichofanya. Mimi nilianza na mama wa watu.