Nyumba Tatu Kabla ya Mlima

Wiki iliyopita nilikuwa Nakuru kwa semina, nikalala hoteli moja ya Milimani ambayo kiamsha kinywa chake kinaweza kumshibisha mtu mpaka Jumapili. Siku ya tatu kifungo cha sketi kilikataa kazi. Nikasimama mbele ya zile soseji, sahani mkononi, na mhudumu akaniambia, "Ongeza tu, madam, hii yote imelipiwa." Nikacheka peke yangu, rafiki yangu, maana nilimkumbuka nyanya.

Nyanya alilima viazi Dundori, na kila Agosti shule zikifungwa alikwenda kumwona dada yake Subukia. Alichukua mjukuu mmoja tu. Pikapu ya maziwa ilimfikisha pale barabara inapoanza kuteremka bondeni, na hapo alishuka kwa sababu, alisema, gari likiteremka tumbo lake hubaki juu. Kutoka hapo ni miguu, kwenda na kurudi. Nilipotimiza miaka tisa nilipewa nafasi hiyo mbele ya kaka yangu, naye akaninunia wiki nzima. Sharti lilikuwa moja: ukipandishwa ule mlima na gari, huendi tena na nyanya.

Kuteremka kulikuwa mchezo. Tulikaa kwenye nyasi tukala viazi vitamu vya kuchemsha, tukanywa uji mchachu kidogo kidogo, tukaendelea. Bondeni kulikuwa na joto kuliko kwetu, na mahindi yalikuwa yamenipita kimo.

Shida ilikuwa kuagana. Subukia ya siku hizo huwezi kuondoka bila kupitia kwa majirani, na huwezi kuaga bila kula. Nyumba ya kwanza, ya dada yake nyanya, ilikuwa chai ya maziwa na chapati. Ya pili mukimo wa moto, viazi vilivyopondwa na mahindi. Ya tatu, kwa mwalimu mstaafu, githeri ya mahindi na maharagwe, na parachichi. Mimi nilikuwa nimelelewa vizuri: nilimaliza kila sahani, na nikiongezewa nikamaliza tena. Nyanya alimega kidogo, akamsifu mpishi, kisha akasema kwa upole, "Hii nifungie, nitaila njiani nikikukumbuka." Wenye nyumba walimfurahia yeye kuliko mimi. Nilimwona akifanya hivyo mara tatu na sikujifunza kitu.

Mlima ulinifunza. Hatujafika nusu, kichomi kikanishika ubavuni na pumzi ikagoma. Nikakaa kwenye jiwe, machozi yakinitoka. Lori la mahindi likasimama, dereva akatoa kichwa.

"Mathe, pandeni. Huyu mtoto ameisha."

Nilimwona akilini kaka yangu akicheka kule Dundori. Lakini kweli nilikuwa nimeisha.

"Ni mimi nimechoka," nyanya akamjibu. "Goti langu linataka kukaa kidogo. Wewe nenda, kijana, Mungu akubariki."

Akakaa kando yangu. Goti gani? Mwanamke yule kule kwetu alichimba viazi kila siku tangu alfajiri na sikuwahi kumsikia akitaja goti. Nilimpenda sana dakika ile. Tulikaa mpaka kichomi kikaniachilia, kisha tukapanda polepole, yeye akinikumbusha kwamba chakula cha msafiri hukaa kwenye kikapu, si tumboni. Kule juu tulifungua vifurushi tukala tukiangalia bonde. Mukimo ulikuwa umepoa kabisa, na sijakula mwingine mtamu hivyo.

Nyumbani nilimtambia kaka mpaka mama akaniambia nitosheke. Agosti iliyofuata nilikuwa nimefunga kamba za viatu kabla ya jogoo kuwika. Nyanya akatoka na kikapu chake, akamwita kaka.

"Wewe umeshajua kusafiri," akaniambia. "Huyu bado."

Nililia hadi saa sita mchana.

Mwaka uliofuata miguu ya nyanya ilikataa, na hakuteremka tena. Siku hizi ukienda kuaga Subukia unapewa soda ukiwa umesimama mlangoni, na hakuna anayekufungia chochote. Nyanya hayupo. Safari yetu ilikuwa ile moja tu, nami nimeitunza yote, hata kile kichomi.