Mama Beti na Vitabu Vilivyouzwa kwa Kilo

Saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko inalia. Walimu wanakimbilia chai. Mmoja wao anabaki darasani na watoto kumi na wanane, akibandika ukutani kurasa zenye madoa ya mafuta.

"Pumzi kwanza, wanangu," anawaambia. "Shairi halibwekwi."

Wanafunzi humwita Mama Beti. Kwa miaka ishirini na sita amewasomesha watoto wa shule ya msingi mashairi na hadithi za kale. Alikuwa na vipindi vitatu kwa wiki na kabati la vitabu mia mbili na kumi. Leo hana kipindi wala kabati.

Mwaka jana mwalimu mkuu alikifuta kipindi cha kusoma ili watoto wafanye mazoezi ya mtihani.

"Mashairi hayaulizwi," alimwambia.

Kabati la vitabu likahamishiwa stoo.

Wiki mbili baadaye Mama Beti alinunua karanga njiani. Alipoikunjua karatasi, akakuta beti anazozijua kwa moyo na, pembeni, muhuri wa shule.

"Nilihisi kama nimeikuta nguo ya marehemu mnadani," anasema.

Muuza karanga hakuficha. "Mama, mimi nilipimiwa kwa kilo, palepale getini kwenu."

Akazinunua zote zilizobaki: karatasi thelathini na moja.

Mwalimu mkuu alipoulizwa hakupepesa macho. "Vile vilikuwa chakula cha mchwa, mwalimu. Stoo tuliitaka kwa saruji."

Mama Beti akaandika barua kwa wakubwa. Jibu lilikuja kwa mlango wa nyuma: alipangiwa kufundisha michezo, na goti lake la kushoto ni bovu miaka saba sasa.

"Mnyonge hana haki," anasema. "Nilidhani ni methali tu."

Kilichomchoma zaidi kilitoka nyumbani. Binti yake, aliyelazwa kwa hadithi hizohizo utoto wake wote, alimwambia, "Mama, si uache tu? Nani anazisoma siku hizi?"

"Siku hiyo nililia," anasema. "Kwa mwalimu mkuu sikulia."

Anastaafu mwezi wa kumi na moja. Tayari ameuza makochi ya sebuleni na kutandika mikeka. Watoto watakuja hapo kila Jumamosi kusoma.

Na wasipokuja?

"Nitawafuata mlango kwa mlango. Mwalimu mkuu ana mjukuu darasa la tatu. Kwake ndiko nitakakoanza kubisha hodi."