Kulabu ya Mzee

Jumamosi nilikuwa gereji moja ya Buhongwa, nikisubiri gari langu bovu. Jamaa mmoja akamleta baba yake aone zawadi: gari la mzee la ujanani, la Kimarekani, limefufuliwa likawa kama lilivyotoka kiwandani. Mzee, samaki wawili aina ya sato kwenye kamba mkononi, akainama na kupapasa bampa.

"Kulabu yangu iko wapi?"

"Ile ya kuning'inizia samaki? Tumeikata, baba. Kiwandani hawakuiweka."

"Hao wa kiwandani sato walibebea wapi?"

Fundi akajifanya anatafuta spana. Mzee akasema, "Hili si langu," akaanza kuondoka. Jamaa alibaki na funguo mkononi, karibu alie.

Mimi niliyetembea nchi za watu nikajitia msuluhishi. "Shikamoo mzee. Si hao sato wakae ndani ya gari tu?"

"Marahaba. Basi panda uwapakate."

Tukaondoka sote, jamaa akiendesha. Hatujafika mtaa wa Butimba, maji ya sato yalikuwa yameshapenya suruali yangu hadi kwenye kiti kipya. Jamaa akakitazama kiti, akageuza gari hadi gereji.

"Fundi, ichomelee tena ile kulabu."

Kulabu ilipokaa, mzee akawatundika sato, akapanda mbele, anacheka. Kilichobaki kurudishwa katika hali ya kiwandani ni suruali yangu.