Nilivyoilinda Kompyuta Miguu Peku

Jamani, tangu juzi sitoki nje kwa aibu, basi bora niwaambie mwenyewe kabla Chang'ombe nzima haijawaambia.

Ofisi ninayofagia ilikuwa inahamia mtaa wa Miyuji. Kompyuta tunayo moja tu, na chumbani mwake hata mkurugenzi anavua viatu, vumbi lisiidhuru. Mama Neema, mpiga chapa wetu, akaniita. "Baba Zuhura, kaa nayo nyuma ya pikapu. Ikiharibika, mimi na wewe hatuna kazi."

Nikavua viatu. Kile kioo kama televisheni nikakifunga kanga mbili za mke wangu, nikakikumbatia kuliko nilivyowahi kumkumbatia yeye. Pa kukaa hapakuwepo, nikavuta lile sanduku la chuma linalokaaga chini yake, maana nilijua ni la kukiinulia tu. Kila shimo nilirushwa juu mpaka nikaiona Singida, nikirudi naliangukia sanduku, puu. Makalio sikuyajali. Kazi yangu ilikuwa kuchungulia ndani ya kanga, kipo? Kipo.

Tulipofika, Mama Neema akaja mbio. "Kompyuta iko salama?"

"Hata vumbi haijaonja, mama. Hii hapa kifuani."

Akaniangalia, akaangalia chini yangu. "Hicho ni kioo cha kusomea tu, baba Zuhura. Kompyuta yenyewe ndiyo hiyo uliyoikalia."

Nikanyanyuka polepole, na ndani ya sanduku kitu kikalia kama kokoto kwenye kopo.