Kufunika si Kuzima

Zamda ni jirani yangu hapa Mbwera, ukuta kwa ukuta, na kabla sijasema lolote jema juu yake naomba ieleweke kwamba mwanamke huyu anachosha. Ukimwambia jambo haliwezekani, anakuuliza nani amejaribu. Ukimtajia aliyejaribu, anakuuliza alijaribu mara ngapi. Alizaliwa Nyamwage, kando ya barabara kuu, kwa Wamatumbi walioteremka kutoka vilimani, na alipoolewa huku visiwani hakujua hata kuingia kwenye mtumbwi. Mwezi wa kwanza alianguka majini mara tatu. Mwezi wa pili alikuwa anapiga kasia mwenyewe kwenda shambani, na sisi wazawa tuliomcheka tulibaki kutazama.

Yeye ni mtu wa kuku. Bibi yake ndiye aliyemfundisha, na hapa kwetu hakuna aliyekuwa na banda kama lake. Mwaka juzi mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita ukafagia banda zima. Zamda alibakiwa na jogoo mmoja mwenye makengeza, na jogoo haatamii. Basi akauza mpunga wake, akavuka kwa boti mpaka Nyamisati, akapanda gari hadi Ikwiriri, akarudi na mashine ya kutotolesha vifaranga. Lilikuwa sanduku jeupe la plastiki, la mayai sitini, lenye feni ndani na namba za joto zinazowaka mbele.

Mtaani kwetu hakuna nguzo ya umeme. Kila mwenye uwezo ana sola yake, na nyumbani kwa Zamda kuna paneli mbili juu ya bati na betri kubwa chini ya meza. Aliyemuuzia mashine alisema umeme huo unatosha. Mayai yanataka joto siku ishirini na moja bila kukatika, kama yanavyolipata kwa kuku mwenyewe. Lakini karibu kila alfajiri betri ilikwisha, mashine ikazimika, na mayai yakapoa mpaka jua lilipopanda.

Siku ya ishirini na moja halikupasuka hata moja. Siku ya ishirini na nne aliyavunja, akakuta vifaranga wenye manyoya, wamekufa. Aliyazika nyuma ya nyumba na nilimsikia akilia. Niseme ukweli, ni mimi niliyepita mtaani nikieneza kwamba ameuziwa mashine feki. Mashine yenyewe sikuijua. Nilichokijua ni maneno tu.

Akapanga mayai mengine sitini, aliyoyanunua huku na huku. Mumewe, Fikirini, baba wa mwanawe Zaidi, ni dereva wa boti ya abiria, mtu mpole asiyependa kelele ila za mpira. Alimwambia kwamba wakiyapoteza na haya, atamwazima uvumilivu mara moja nyingine tu, kisha mashine itapanda boti irudi Ikwiriri, kwa sababu kuna mtu huko anaitaka. Hakusema kwa ukali. Fikirini akisema jambo kwa upole ujue ameshaamua.

Mayai yakiwa na wiki moja ndani, tukapata habari kwamba kaka yake Bi Tabu, mama mkwe wa Zamda, amefariki Kibiti. Walikwenda kuzika, wakarudi, na Bi Tabu akafanya kama tufanyavyo sote nyumba ikiwa na msiba. Akachukua kanga, akaifunika televisheni pamoja na vyombo vyake vyote, akasema asisikie muziki wala taarifa ya habari humo ndani mpaka atakaporidhika. Wiki nzima hakuna aliyeangalia kitu. Zamda alihuzunika na familia, lakini moyoni alijiambia kwamba angalau betri itapumzika. Betri haikupumzika. Alfajiri ilikwisha kama kawaida.

Hapo mwingine angeinua mikono. Zamda alikasirika, na hasira yake si ya kufoka, ni ya kunyamaza na kuzunguka chumba. Katika kuzunguka huko akamwona paka wao amejikunja juu ya meza ya televisheni, kwenye kanga. Akakumbuka kwamba paka huyo analala pale kila siku, ilhali wana kochi na mito. Akamwondoa, akapitisha mkono chini ya kanga. Bibi yake alimfundisha kumjua kuku anayeatamia kweli kwa kuingiza mgongo wa kiganja chini ya tumbo lake. King'amuzi kilikuwa na joto lile lile, ila chini yake hapakuwa na yai.

Akaifunua kanga. Taa tatu nyekundu zilikuwa zinamtazama, ya televisheni, ya king'amuzi na ya sabufa.

Akamuuliza mkwewe nani aliwasha. Bi Tabu akaapa kwamba hakuna, yeye mwenyewe alizima kwa rimoti siku ya msiba, kisha akafunika.

"Umeifunika, mama," Zamda akamwambia. "Hukuizima."

Bi Tabu alidhani anasingiziwa kuvunja msiba wa kaka yake, na ilibidi Zamda apige magoti kuomba radhi. Alipokwisha kusamehewa, alinyanyuka akazing'oa plagi zote tatu.

Mayai yale ya pili hayakupona, yalikuwa yamekwisha kupigwa na baridi mara nyingi. Aliyazika karibu na yale ya kwanza. Safari hii sikusikia kilio. Niliona anaweka chupa za maji mahali pa mayai, anawasha mashine, na kila jioni anaacha kitu kimoja tu kwenye soketi aone asubuhi itakuwaje. Akiacha sabufa, betri ilifika mwanga kwa kuchechemea. Akiacha king'amuzi, haikufika. Alipoziacha plagi zote chini, pamoja na chaja za simu ambazo huning'inia ukutani hata kama hazina simu, asubuhi iliikuta mashine inazunguka na betri bado ina nguvu. Vitu vyote hivyo vilikuwa vimelala, na vikiwa vimelala vilikuwa vinakula.

Fikirini hakukubali kirahisi. Fundi aliyewafungia dishi alimwonya asithubutu kung'oa king'amuzi, eti kitapoteza chaneli. Zamda akakirudisha mbele yake. Kiliwaza kidogo, kikazileta chaneli zote, hata ile ya Kichina ambayo hakuna aliyewahi kuielewa. Fikirini akasema haya, lakini mayai ya tatu ndiyo ya mwisho.

Mayai yenyewe sasa hakuwa nayo. Akapita nyumba kwa nyumba kuomba kwa utaratibu wetu wa kufugiana: wewe unatoa mayai, yeye anatotolesha, vifaranga mnagawana nusu kwa nusu. Walio wengi walimpa matatu, manne, kwa aibu ya kumnyima. Mimi nilimpa kumi na mawili, na nilipomkabidhi nilimwambia mbele ya watu kwamba bora angeniacha niyakaange. Watu walicheka. Yeye aliyaandika jina langu kwa kalamu, moja moja, akaondoka.

Siku kumi na tisa zilikwenda vizuri. Ya ishirini iliangukia kwenye mvua. Jua lilikuwa halijaonekana siku mbili, betri imeshuka, na mayai ndiyo yameanza kulia ndani kwa ndani. Msiba ulikuwa umekwisha, Bi Tabu ameitoa kanga. Na jioni hiyo, saa kumi na moja, walikuwa wanacheza watani wa jadi.

Nilikuwepo, kwa hiyo sisimuliwi. Fikirini alirudi mapema, amelowa, ameacha abiria kwa mwenzake ili aiwahi mechi. Akabonyeza rimoti, kimya. Akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye soketi, na mbele ya soketi alikuwa amekaa mkewe, juu ya mkeka, mgongo ukutani. Akamwomba dakika tisini tu. Akamwambia betri itastahimili. Akamkumbusha kwamba sola ni yake yeye mume, na hilo lilikuwa kweli. Mimi nilitazama miguu yangu.

"Baba Zaidi," Zamda akasema, "wewe ukilikosa goli utasimuliwa. Yai likikosa joto halisimuliwi."

Fikirini alisimama pale na rimoti mkononi. Ndani ya sanduku alisikika kifaranga mmoja, sauti nyembamba, akigonga na kupumzika. Alimsikia, maana niliona uso wake unabadilika. Akaiweka rimoti juu ya televisheni, akachukua simu yake na kiredio cha betri, akaenda kukaa barazani. Timu yake ilifungwa, na hakuinua sauti hata mara moja.

Asubuhi ilikuja na mashine inazunguka. Mpaka adhuhuri vifaranga arobaini na sita walikuwa wamejaa kwenye boksi, na Bi Tabu alikuwa ametandika kanga yake ile ile chini yao. Majirani walikuja kuchukua nusu zao na kusema kwamba walijua tangu mwanzo. Fikirini alihesabu vifaranga mara mbili, kisha akamwambia mkewe kwamba yule mtu wa Ikwiriri atafute mashine kwingine.

Mimi nilikwenda mwisho, na kapu. Nilijaribu kuanza na mzaha, ukakwama. Zamda hakunitukana wala hakunikumbusha ya kukaanga. Alinionyesha maganda tisa matupu yenye jina langu, akaweka mkono juu ya boksi.

"Shoga, nenda kwanza nyumbani ukashike mgongo wa king'amuzi chako. Ukikikuta cha baridi, njoo uchague."

Nilikwenda nimevimba. Nina sola ndogo, paneli moja, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiamka alfajiri kukanda unga wa maandazi kwa mwanga wa kibatari, kwa sababu taa zangu hazifiki asubuhi. Nimemlaani aliyeniuzia betri mpaka watoto wanaijua laana ile kwa moyo. Televisheni yangu ina kitambaa chake nilichokifuma mwenyewe, chenye maua. Nikakiinua, nikaweka mgongo wa kiganja kwenye king'amuzi: cha moto.

Niliing'oa plagi nikakaa chini, kapu mapajani, nikingoja kipoe. Kilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani.