Asali Iliyorinwa Yote

Kaa karibu, mwanangu, nikusimulie siku moja ninayoikumbuka hata leo nikiwa bibi kizee wa mtaa huu wa Ng'ambo. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeanza, nasi tulikuwa tumehamia kijiji kipya upande wa Sikonge. Mimi nilikuwa mwari, na Hamisi alikuwa amenichumbia. Nilimpenda, sifichi.

Kwetu sisi warina asali, mchumba hupewa mzinga wa baba mkwe aurine, aonekane ni mtu wa namna gani. Hamisi, na haraka zake, alikuwa amesikia mkutanoni kwamba kila mwenye nguvu azalishe zaidi. Basi akaenda msituni, akaukomba mzinga, hata masega yenye majana, watoto wa nyuki, hakuyaacha. Akarudi na ndoo imefurika, uso umevimba kwa kuumwa, anacheka.

Baba aliitazama ile ndoo, hakuigusa.

"Umeirina yote, kijana. Mwakani binti yangu utamlisha nini?"

 Baba akamweleza kwamba babu yangu alikuwa mpagazi katika misafara ya pwani, na wapagazi walikuwa na mwiko: kisima cha njiani hakichotwi mpaka tope, maana nyuma kuna msafara mwingine wenye kiu. Akamwambia arudi msimu ujao. Nililia jikoni mpaka mama akanitania kwamba nitauzima moto.

Nyuki wa mzinga ule walihama. Hamisi akatundika mwingine, akaupaka nta ndani kuwaita nyuki, akangoja. Wenzangu wakaolewa. Shangazi akaanza kunitajia wachumba wengine, nikakataa. Hatimaye Hamisi akaja na ndoo isiyofika nusu, na baba akamwuliza mbona kidogo.

"Nyingine nimewaachia wenye nyumba."

Baba alicheka akashika mbavu, akamwambia mama ajiandae kupokea wageni. Msitu ule umetulisha, na wajukuu wetu wanarina humohumo.

Siku hizi redioni husema "uendelevu", na vijana hudhani jambo hilo limeletwa juzi. Neno ndilo jipya, mwanangu; maana yake ilitembea kwa miguu katika njia hii ya misafara zamani. Kula ushibe, lakini usile cha anayekuja. Ukikata mti au ukilima, jiulize nani yuko nyuma yako, kwa kuwa mtaka yote hukosa yote. Na kama umekwisha kukosea, usikate tamaa: Hamisi alikosea, nami nimezeeka naye. Mungu akupe riziki isiyokatika, na wanao walikute bakuli lako lina kitu.